Kiti cha Ngui: Uhakiki wa Nyimbo za Kalambya Sisters

Mwaka 1968, katika Chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa hoja kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya mafunzo. Matokeo ya hoja ile yanajulikana. Hadithi, methali, vitendawili na nyimbo za jadi ziliingia darasani, na wanafunzi wakatumwa vijijini kukusanya. Lakini kuna aina moja ya utungo iliyobaki mlangoni, nayo ni wimbo wa santuri. Wimbo huo haukuhesabiwa kuwa wa jadi, kwa sababu una gitaa. Wala haukuhesabiwa kuwa fasihi andishi, kwa sababu haukuandikwa. Ukaachiwa walevi na wenye matatu. Kwa sababu hiyo nyimbo za Kalambya Sisters, ambazo zilisikika mno Ukambani na mbali na Ukambani, zimependwa na wengi bila kuhakikiwa ipasavyo.

Kalambya Sisters walikuwa kundi la waimbaji wanawake waliorekodi pamoja na bendi ya Kalambya Boys, ambayo kiongozi wake alikuwa mpiga gitaa Onesmus Musyoki. Fani yao ni benga ya Kikamba, ile ile iliyowapa sifa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Wimbo wao uliovuma kuliko yote ni "Katelina", wa mwaka 1983. Kisa chake ni chepesi kukisimulia: Katelina ni msichana wa kijijini, anapenda kunywa uki, na kila mwaka, kana kwamba ni msimu wa mavuno, hupata mimba. Watu walicheka, wakacheza. Sauti za waimbaji ni nyembamba, za juu sana, zinakwenda pamoja kama uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi kadhaa, na chini yake gitaa la Musyoki linatiririka pasipo haraka.

Baadhi ya wasikilizaji, hasa wale waliozoea muziki wa Marekani, hupenda kuziita nyimbo za namna hii bluzi ya Ukambani. Jina hilo lina mvuto wake. Bluzi nayo iliingia katika santuri kwa mdomo wa mwanamke: Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" mwaka 1920, na mafanikio yake ndiyo yaliyoyafungulia mlango makampuni kuwarekodi Ma Rainey na Bessie Smith mwaka 1923. Nyimbo zao nazo zilihusu pombe, mimba, mwanamume aliyetoroka, na mwanamke aliyeachwa na mzigo. Kwa upande wa maudhui, basi, Katelina angeweza kupata mahali pa kukaa katika nyimbo za Bessie Smith pasipo kuulizwa anatoka wapi.

Ila maudhui hayatoshi kuleta udugu wa kifani. Bluzi ni utungo wa "mimi". Katika umbo lake lililozoeleka, mwanamke hutamka mshororo wa kwanza, akaurudia, kisha akaujibu kwa mshororo wa tatu, na baada ya kila mshororo chombo humwitikia. Anayetaka mfano auchukue "St. Louis Blues" wa Bessie Smith, uliorekodiwa Januari 1925, ambamo tarumbeta ya Louis Armstrong humfuata mwimbaji kama kijana anayemwitikia mama yake. Bessie Smith ndiye anayesema. Armstrong, kwa ukuu wake wote, ni mwitikiaji. Katika "Katelina" mambo yamepinduliwa. Ili kuona yalivyopinduliwa, hapana budi kurudi kwenye wimbo wa wanawake wa Machakos kabla ya gitaa.

Neno la Kikamba kwa wimbo ni wathi, na neno hilo hilo hutumika kwa ngoma, kwa kuwa Mkamba wa zamani hakutenganisha kuimba na kucheza. Paul Kavyu, ambaye kitabu chake juu ya muziki wa Wakamba kilitoka mwaka 1977, ameonyesha jinsi kila rika na kila shughuli ilivyokuwa na wathi wake. Wanawake wazima walikuwa na kilumi, ngoma ya mvua na ya mapepo, na ngoma hizo walizipiga wenyewe. Palikuwa pia na myali, nyimbo za kukosoa na kusuta. Na katika kazi za shamba palikuwa na nyimbo za mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu.

Mwethya ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikihangaika na mmomonyoko wa udongo katika milima ya Machakos, iligundua kwamba kazi ya kulazimisha haikuzaa matunda, bali watu wakijipanga katika mwethya matuta hujengwa. Waliojipanga kwa wingi walikuwa wanawake, maana wanaume wengi walikuwa Nairobi, jeshini, au kwenye reli. Matuta yale ya "fanya juu" ambayo leo wageni huja kuyapiga picha yalichimbwa kwa jembe na kwa wimbo. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanawake wa Machakos walijipanga tena katika Mbai sya Eitu, maana yake koo za mabinti, umoja ambao Gideon Cyrus Mutiso ameueleza katika maandishi yake; hapo wimbo ukawa chombo cha siasa pia. Kwa hiyo sauti ya wanawake wengi wanaoimba pamoja haikuwa mapambo ya ngoma peke yake, bali ilikuwa nguvu iliyojenga ardhi na iliyosikilizwa na wagombea viti.

Hata hivyo sauti hiyo haikuwa ya umati usio na kichwa. Kila wathi ulikuwa na ngui. Ngui ndiye mtunzi na ndiye mwongoza wimbo: yeye huanzisha, wengine huitikia; yeye hubuni maneno papo hapo, wengine hushika kiitikio. Ngui hujulikana kwa jina, husifiwa, huogopwa, na hualikwa mbali. Na zaidi ya hayo ngui huwajibika. Akimsuta mtu katika myali, watu wote wanajua ni nani aliyesema, na aliyesutwa, au ngui wa upande wake, anaweza kusimama siku nyingine na kulipiza. Kiti cha ngui, basi, ni kiti cha heshima na cha hatari kwa pamoja, na hapakuwa na mwiko wa kumzuia mwanamke kukikalia. Jamii ya Wakamba haikuwa na tabia ya kuwasahau wanawake wenye kauli: Syokimau, mtabiri aliyesimulia habari za nyoka mrefu atakayeikata nchi kutoka bahari hadi bahari, bado anatajwa, na kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 2012 katika eneo hilo la Machakos kimepewa jina lake. (Kwamba reli yenyewe ndiyo iliyokuja kumheshimu ni kichekesho ambacho ngui yeyote angekitumia.)

Sasa sikiliza "Katelina". Ngui yuko wapi? Wanawake wanaimba, lakini wote wanaimba maneno yale yale kwa wakati ule ule. Hakuna anayetangulia na hakuna anayeitikia. Sauti ya kiitikio imechukuliwa kutoka mwethya na kuletwa studio ikiwa nzima, pamoja na wepesi wake na mshikamano wake, lakini mwongozaji hakuja nayo. Kiti chake hakikubaki wazi. Kimekaliwa na gitaa. Kama ilivyo kawaida ya benga, ni gitaa la kwanza linaloufungua wimbo, ndilo linaloonyesha mahali pa kuingia, ndilo linalojibizana na sauti, na waimbaji wanyamazapo ndilo linalopanda juu na kuupeleka wimbo kwenye kilele chake. Gitaa ndilo ngui, na wanawake ni waitikiaji wake. Pale kwa Bessie Smith chombo humwitikia mwanamke. Hapa mwanamke anakiitikia chombo.

Haifai kudhani kwamba hili ni kosa la Musyoki. Gitaa lake ni zuri, tena ni la adabu; haliwafuniki waimbaji kama yanavyofanya magitaa ya bendi nyingi za wakati ule. Sababu iko katika mpangilio wa biashara. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na dakika chache kila upande, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa katika pande mbili. Ngui wa kijijini, ambaye ustadi wake ni kurefusha, kukatiza, kumtaja aliyeingia sasa hivi na kubadilisha maneno kufuatana na nyuso za watu, hana nafasi katika dakika hizo. Anayefaa studio ni yule anayeweza kurudia jambo lile lile bila kukosea, na kiitikio ndicho kinachorudiwa bila kukosea. Pia wenye maduka walizoea kuuza jina la bendi, na bendi ilikuwa ya mwenye magitaa.

Jina la kundi lenyewe latoa ushahidi. Benga ya Ukambani ilijaa majina ya "Boys" na "Brothers", na katika majina hayo kila mara palikuwa na jina la mtu mmoja mbele: Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. "Sisters" ni dada za nani? Ni dada za "Boys". Wamepewa ukoo, hawakupewa majina. Msikilizaji aliyeipenda sauti yao alijua jina la mpiga gitaa, na wao aliwajua kwa ujumla wao. Linganisha hali hiyo na ya Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Siti naye alizungukwa na wapiga ala wanaume, lakini santuri ilikuwa yake, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mtu anaweza kumpinga Siti, anaweza kumsifu, anaweza kumhusudu, kwa sababu anajulikana ni nani.

Katika historia ya bluzi kuna santuri inayofaa kuwekwa kando ya "Katelina" kwa kipimo hiki. Mwaka 1961 waimbaji watatu wa zamani, Alberta Hunter, Lucille Hegamin na Victoria Spivey, waliokuwa wamepata sifa katika miaka ya 1920, walikusanywa kurekodi santuri moja iliyoitwa "Songs We Taught Your Mother". Hunter wakati ule alikuwa muuguzi wa hospitali, ameuacha muziki kwa miaka. Ushirikiano wao ulikuwa wa namna gani? Hawakuziunganisha sauti zao. Kila mmoja aliimba nyimbo zake kwa zamu yake, na majina yote matatu yakawekwa kwenye jalada. Santuri ikawa kama baraza ambalo kila mzee hupewa nafasi ya kusema na wengine humngoja amalize. Hata jina la santuri linasema "sisi", lakini ni "sisi" iliyotengenezwa kwa "mimi" tatu zilizo kamili.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki ni cha kigeni. Kwamba Mwafrika huimba kwa umoja, na kumdai jina ni kumletea ubinafsi wa Kizungu. Hoja hiyo husikika mara kwa mara katika uhakiki, na katika suala hili haina msingi. Ngui si Mzungu. Umoja wa wathi ulikuwa umoja wenye kiongozi anayejulikana na anayeweza kupokezana zamu na mwingine. Kilichotoweka studio ni kitu cha Kikamba, wala hakuna aliyekileta kutoka New York.

Tena upotevu huo unagusa maana ya wimbo wenyewe. "Katelina" ni wimbo wa kusuta, mtoto wa myali. Lakini myali ilikuwa na kanuni ya kujibiwa, kama zilivyo mila zote nzuri za matusi ya kisanaa. Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili vema: malenga hujibizana magazetini, na vikundi vya taarab vya Unguja na Mombasa vimetupiana mafumbo tangu zamani, na kila fumbo hungojewa jibu lake. Hata Marekani, Big Mama Thornton alipotoa "Hound Dog" mwaka 1953 kumfukuza mwanamume mlaghai, mwaka huo huo Rufus Thomas akatoa "Bear Cat" kumjibu, mpaka wenye haki wakafika mahakamani. Katelina angemjibu nani? Hakuna ngui wa kusimama mbele yake. Amesutwa na sauti isiyo na uso, na santuri hairudi kijijini mwake kungoja zamu yake. Inazunguka Machakos, Kitui, Nairobi, na kila inapozunguka ana mimba nyingine.

Na yafaa kuuliza ni nini ambacho msichana huyo angekisema kama angepewa nafasi. Katika Kenya ya 1983 angekuwa na la kusema. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumdai baba wa mtoto gharama za matunzo. Bunge, ambalo lote lilikuwa la wanaume, liliifuta mwaka 1969. Tangu hapo hadi Katiba ya 2010 ilipotamka, katika kifungu cha 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, mzigo uliachwa mahali pale pale ulipoachwa na wimbo: kwa msichana. Jina la wimbo ni Katelina. Mimba za kila mwaka hazipatikani kwa uki peke yake, lakini kichekesho kimewekwa kwenye kibuyu na kwenye tumbo, na mwanamume hakupata hata heshima ya kuwa jina la upande wa pili wa santuri.

Je, basi, wimbo huu ni wa kulaaniwa? La. Hapa ndipo sauti yenyewe inapokataa kutii maudhui yake. Kama "Katelina" ungeimbwa na Musyoki na wanaume wenzake, ungekuwa mzaha wa baa na ungesahaulika pamoja na mizaha mingine ya baa. Umeimbwa na wanawake kadhaa kwa pumzi moja, kwa sauti ya juu inayokaribia kilio, na hakuna anayejitenga na mwenzake ili aonekane mwema kuliko Katelina. Msutaji wa kawaida husimama mbali na anayemsuta. Hawa wanasimama karibu sana. Kadiri wimbo unavyoendelea, kicheko kinapungua na kinabaki kitu kama kuhurumia, au kama watu wanaosimuliana habari ya ndugu yao ambaye wamechoka kumwonya. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya wimbo huu, na imetokana na ule umoja wa sauti ambao umelaumiwa hapo juu. Wakamba wana desturi ya kuipa njaa majina, na njaa moja ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nimeshika, fedha iko mkononi na chakula hakipo. Jina kama hilo halina mtunzi. Limetoka kwa wote, lina mzaha ndani yake na lina mauti. "Katelina" kwa nyakati zake bora una ladha hiyo hiyo.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa moja. Umoja wa sauti umeuokoa wimbo na ukatili, na umoja huo huo umewanyima waimbaji majina na umemnyima Katelina jibu. Mhakiki anayesifu la kwanza na kulinyamazia la pili amefanya nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo rahisi.

Liko bado suala la lugha. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, alipotaka kusikika nje ya Ukambani aligeukia Kiswahili, na akafaulu. Kalambya Sisters walisikika nje ya Ukambani kwa Kikamba chao, kwa sababu waliopenda walipenda sauti, si maneno. Ushindi huo una gharama. Kwa Mkamba wa Machakos, Katelina ni mtu: ana kijiji, ana kibuyu, ana mama anayemngoja. Kwa mchezaji wa Mombasa au Kisumu yeye ni jina tamu la kutamka, silabi nne zinazorudi. Msichana ambaye tayari hakuwa na nafasi ya kujibu, sasa hana hata anayejua kwamba amesutwa. Tafsiri ya Kiswahili iliyo makini, yenye kulinda mzaha na kuonyesha mahali sauti zinapopanda na zinaposhuka, ingemrudishia angalau hadithi yake mbele ya wasikilizaji hao. Tafsiri kama hiyo si kazi nyepesi, maana Kiswahili cha vitabu kina tabia ya kumvisha kila msichana wa kijijini kanzu ya mafunzo ya maadili, na Katelina, kwa ulevi wake wote, hakuimbwa ili awe funzo. Mtafsiri atalazimika kuchukua Kiswahili cha sokoni Machakos, chenye matamshi ya Kikamba na haraka ya wenye kuuza, kisha aamue jambo ambalo studio ililiepuka: maneno haya yawe ya wote kwa pamoja, au mshororo wa kwanza apewe mmoja na wengine wamwitikie.